Umeme ukiongezeka ajira zinaongezeka? Inategemea unaishia kwa nani

Swali la wiki hii mmeuliza hivi, nchi inayoendelea kama yetu Tanzania ikitumia nishati nyingi zaidi, watu wasio na kazi wanapungua? Mi nasema ndio wanapungua, ila sio kwa kuhesabu megawati, inabidi uangalie huo umeme unaenda kuzungusha mashine ya nani.

Nashika hesabu za karakana kadhaa za fanicha pale Keko, Dar es Salaam, vitanda, makabati, sofa, hizo kazi mnazozijua. Kwenye daftari kuna ukurasa wa luku, yani umeme wa kulipia kabla, na kuna ukurasa wa vibarua, na kila mwezi hizo kurasa zinapanda na kushuka pamoja. Luku ikiliwa sana ujue oda zipo, mashine ya kuranda inazunguka, kompresa inapuliza rangi, kijana wa msasa yupo, wa vanishi yupo, mwenye mkokoteni wa kupeleka mzigo yupo, na mama ntilie wa pale nje anamaliza sufuria mapema. Umeme ukikatika kutwa nzima anaekosa hela wa kwanza ni yule wa deiwaka, manake bosi ana akiba kidogo na fundi mkuu anaweza kukopa kwa bosi, ila deiwaka analipwa kwa kazi ya siku na siku hiyo kazi haikuwepo. Mwishoni mwa 2023 wakati wa mgao tuliona sana hii, waliokuwa na jenereta waliendelea lakini dizeli ilikula faida yote na kitu cha kwanza kupunguzwa kilikuwa idadi ya vijana.

Sasa nenda katafute huyo kijana kwenye takwimu za ukosefu wa ajira, humpati! Hajafukuzwa, hana barua, kesho yake unamkuta anauza maji ya chupa kwenye taa za Tazara. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani mtu akifanya kazi ya kipato japo saa moja tu ndani ya wiki anahesabiwa ana ajira, kwaiyo mgao unaweza kupita mji mzima na asilimia ya wasio na kazi isitikisike. Kwa wenzetu Ulaya kiwanda kikifungwa mtu anajiandikisha, anapewa fedha ya kujikimu huku anatafuta kazi nyingine, anaonekana. Hapa fao la kukosa ajira lipo ila ni la mwanachama aliyekuwa anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, kibarua wa Keko hachangii popote, kwaiyo hana uwezo wa kukaa bila kazi, atafanya chochote kitakacholeta hela ya unga. Ndo maana wachumi wanaochora mstari wa matumizi ya umeme na mstari wa ukosefu wa ajira wa nchi kama yetu alafu wakasema uhusiano ni mdogo, naona wanapima kitu ambacho hakisogei. Wapime masaa ya kazi na kipato cha siku.

Alafu kuna upande wa pili. Afrika Kusini wanatumia umeme kwa kila mtu mara nyingi kuliko sisi na bado wasio na kazi wamepita asilimia 30, manake sehemu kubwa ya umeme wao ulijengewa migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, vitu vinavyokula umeme mwingi kwa watu wachache. Angalia kiwanda cha Mozal cha Msumbiji karibu na Maputo, ilianza kutoa aluminiamu mwaka 2000 na ilipopanuliwa ikawa inahitaji zaidi ya megawati 900. Bwawa letu la Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2115, yani kiwanda kimoja cha namna ile kingemeza zaidi ya theluthi yake. Sisemi ni kibaya, dola inaingia na kodi inaingia, ila ukinipa hizo megawati 900 nizigawe Keko, Gerezani, Vingunguti na mashine za kukoboa za Manzese na Tandale, sidhani hata kuna haja ya kubishana wapi watu wengi watakula.

Na kumuwekea mtu taa nyumbani peke yake hakutoshi. Mchumi Taryn Dinkelman alichunguza vijiji vya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, vilivyoingiziwa umeme, utafiti ukatoka 2011, akaona wanawake wengi zaidi wameingia kazini, manake muda wa kuhangaika na kuni ulipungua. Ila magharibi mwa Kenya watafiti wengine waliunganishia kaya umeme wakakuta maisha hayakubadilika sana, watu walikuwa na taa na chaji ya simu, hela ya kununua friji au mashine hawakuwa nayo. Kwangu hizi mbili hazipingani kabisa, umeme umefika kote, tofauti ni mtu aliweza kuufanyia nini.

Ni kweli pia mashine inaondoa watu. Mashine ya kuranda imewatoa waliokuwa wanaranda kwa mkono. Ila kitanda kikashuka bei, wanunuaji wakaongezeka, mafundi wa kushona sofa wakaongezeka, kwenye daftari naona watu wengi kuliko zamani.

Tangu mtambo wa kwanza wa Rufiji uwashwe 2024 shida yetu kubwa sio tena uzalishaji, shida ipo mtaani, transfoma imezidiwa, jioni umeme unakuwa mdogo mpaka mota inaungua, na karakana nyingi zipo kwenye fezi moja, umeme wa kawaida wa nyumbani, wakati mashine ya maana inataka fezi tatu na gharama ya kuivuta fundi haimudu kwa mkupuo. Kila mwaka tunatangaziwa wateja wapya waliounganishwa, naomba watutajie na karakana ngapi zimepata fezi tatu, na hiyo gharama ikatwe kidogo kidogo kwenye luku. Na kama kuna mwenzangu anaeshika hesabu za mafundi wa Gerezani au Vingunguti aandike humu wiki ijayo, nataka kujua kurasa zake mbili zinasema nini.