Betri mpya haikeshwi kwenye chaji

Maswali mengi niliyopokea wiki hii yanahusu betri za laptopu. Nimeamua kuyapa nafasi yote, kwa sababu betri ni pesa nyingi kwa mtu wa kawaida, na inauma kuiona ikifa mapema kwa ajili ya ushauri uliopitwa na wakati.

Nimenunua betri mpya mjini. Fundi amesisitiza niichaji saa 12 mfululizo kabla ya kuitumia, la sivyo nitaiharibu. Ni kweli? (Mwanafunzi, Kayole)

Si kweli, ingawa fundi wako hakukusudia kukudanganya. Alirithi ushauri wa enzi za betri za nikeli, ambazo zilichaji polepole na zilihitaji kulelewa hivyo. Betri iliyo ndani ya laptopu yako ni ya lithiamu, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991, na hiyo haidai mkesha wowote. Ikifika asilimia 100 laptopu yenyewe hukata chaji, kwa hiyo saa zinazobaki hazikuongezei kitu.

Kuna jambo moja tu linalofaa kufanywa mwanzoni. Betri ikiwa mpya, kipimo cha asilimia kwenye skrini huweza kukosea: kinaonyesha 25, kisha mashine inazima ghafla. Ijaze kabisa, itumie bila chaja hadi ikaribie 10, halafu ijaze tena bila kuikatiza. Ukifanya hivyo mara moja, kipimo kitakuwa kimejifunza.

Nafanya kazi nyumbani na laptopu haitoki kwenye soketi kuanzia asubuhi hadi usiku. Jirani anasema naiua betri. Lakini nikiitoa, stima ikipotea kazi inapotea nayo. Nifanyeje? (Mfasiri, Ongata Rongai)

Wewe na jirani yako nyote mna hoja. Betri haitapasuka kwa kuachwa kwenye soketi, maana haizidishiwi chaji. Shida ni kwamba lithiamu haipendi kukaa imejaa pomoni mchana kutwa, hasa ikiwa na joto. Ikiwa katika 100, kila seli ndani ya betri huwa imebanwa karibu na volti 4.2, na hali hiyo huichakaza kidogo kidogo hata kama hujaitumia.

Dawa iko ndani ya laptopu yako. Lenovo, Dell, HP, Asus na kampuni nyingine huweka katika mashine zao nyingi mpangilio wa kuzuia chaji isizidi asilimia 80 hivi. Uwashe, kisha uache chaja imechomekwa bila wasiwasi. Siku ukiona mvua kubwa inakuja, au umepata ujumbe kwamba stima itakatwa mtaani, ondoa kizuizi ujaze hadi 100. Betri ipo ikutumikie wewe. Usiitunze mpaka ikukoseshe mkate.

Kuhusu stima, kuna jambo linalonihangaisha zaidi kuliko hilo. Geuza chaja yako usome maandishi madogo: mara nyingi utaona 100–240V. Stima yetu hapa Kenya ni ya 240V, yaani tuko ukingoni mwa kiwango kilichoandikwa pale. Stima inaporudi baada ya kupotea, huweza kuruka juu kwa sekunde chache, na chaja ndiyo inayopigwa kwanza. Ikipotea, chomoa. Ikirudi, ngoja dakika tano ndipo uchomeke. Nimeona chaja nyingi mno zilizoungua kwa kukosa subira hiyo.

Je, ni vizuri kuiacha iishe kabisa ndipo niichaji? (Msomaji, South B)

Hapana. Ichaji ikifika 20 au 30, hata mara tatu kwa siku ukitaka. Ukitumia nusu leo na nusu kesho, betri inahesabu mzunguko mmoja tu. Na kama utasafiri kwenda ushago mwezi mzima bila laptopu, izime ikiwa karibu nusu, usiiache sifuri.

Laptopu yangu huchemka sana nikiitumia kitandani, hata mapaja yanauma. Betri iko salama? (Mwanafunzi wa chuo, Kahawa)

Haiko salama. Jiji letu la Nairobi liko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni baridi, kwa hiyo hewa ya chumbani haina kosa. Kosa ni blanketi. Igeuze laptopu uangalie upande wa chini: utaona matundu, na blanketi linayaziba yote. Tafuta ubao wa kukatia mboga, au hata sinia, uweke chini yake. Na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani mchana. Joto hula betri kuliko kosa lingine lolote nililolijibu hapa.

Laptopu yangu ni ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza kwanza, na betri imechoka. Nikienda kununua nyingine kwenye maduka ya Luthuli Avenue nitajuaje kwamba sijauziwa feki? (Mfanyabiashara, Umoja)

Nenda na laptopu yenyewe, na namba ya betri ya zamani uwe umeiandika. Kisha piga hesabu palepale dukani. Volti ukizizidisha kwa ampea-saa unapata wati-saa. Betri ya 11.4V na 3,600mAh (yaani ampea-saa 3.6) inatoa karibu wati-saa 41 (41Wh). Lebo ikidai 6,000mAh kwa volti hizohizo, huku imeandikwa 41Wh, aliyeichapisha hakujua hata anachodanganya.

Ikishafungwa, usilipe bado. Kwenye Windows, andika cmd mahali pa kutafutia, fungua kisanduku cheusi, uandike powercfg /batteryreport. Utapewa jina la faili, lifungue. Tafuta mistari miwili, Design Capacity (uwezo ambao betri iliundwa nao) na Full Charge Capacity (uwezo ilio nao sasa). Betri mpya, namba hizo zinakaribiana. Ukiona 41,000 juu na 27,000 chini, hiyo imetumika na mtu mwingine. Baada ya hapo omba risiti yenye tarehe na muda wa waranti, maana zipo feki zinazodanganya hata ripoti hiyo.

Mimi niliwahi kuuziwa ya namna hiyo. Mwezi wa tatu niliona laptopu haitulii mezani, inayumba kama kiti chenye mguu mfupi, na padi ya kipanya imeinuka upande mmoja: betri ilikuwa imefura.

Betri yangu imefura. Naweza kuitumia hadi mwisho wa mwezi? (Mwalimu, Kasarani)

Usiitumie hata leo jioni, mwalimu wangu. Ndani yake kuna gesi, na ikitobolewa au ikibanwa huweza kushika moto. Zima laptopu, chomoa chaja, usijaribu kuisukuma irudi ndani, na umpelekee fundi aitoe.

Ikishatoka usiitupe kwenye pipa la taka. Lori litaipeleka kwenye jalala la Dandora, na pale kuna watu wanaochambua taka kwa mikono mitupu. Iweke ndani ya bati lenye mchanga mkavu, mbali na watoto na jiko, halafu uifikishe WEEE Centre, ambao hupokea taka za elektroniki hapa Nairobi. Wapigie kwanza uwaambie imefura, wakueleze namna ya kuisafirisha.