Maswali ya Wasomaji: Mgeni Ameuliza Bei, Kisha Kimya

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wenye magari ya safari na nyumba ndogo za wageni humu Nairobi. Tumechagua sita. Karibu zote zinagusa pengo lile lile, muda ulioko kati ya mgeni kuuliza na mgeni kulipa, kwa hiyo hata kama swali si lako, pitia jibu lake.

Mhariri, nina van moja ya watu 7. Napeleka wageni Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kwa ndovu yatima. Nalipia matangazo ya Facebook na Instagram na WhatsApp hainyamazi, lakini wakiuliza bei watu 10, anayelipa ni mmoja. Niongeze pesa za tangazo?
*Mwenye van, Donholm*

Usiongeze hata shilingi. Tangazo limeshafanya kazi yake, watu wanakuandikia. Fungua mazungumzo 10 ya mwisho yaliyokatika usome ujumbe wako wa kwanza katika kila moja. Huenda ukakuta umejibu swali kwa swali: "Mko wangapi? Mnataka lini?" Mgeni huyo ameandikia watu wanne kwa mpigo, na anayempa hesabu kamili ndiye anayeendelea kuzungumza naye.

Andika jibu moja kamili, ulihifadhi kwenye WhatsApp Business kama jibu la haraka, ili ulitume kwa kubonyeza alama ya mkwaju (/) na neno moja. Liwe hivi, ukiweka bei zako:

"Karibu sana. Nusu siku Mbuga ya Nairobi, gari zima na dereva mwelekezi ni sh 15,000. Mkiwa 2 ni 7,500 kila mtu, mkiwa 6 ni 2,500. Ada ya lango haimo, mtailipa wenyewe kwa eCitizen na tutawaonyesha namna. Tunawachukua mlipo saa 12 asubuhi (06:00) na kuwarudisha saa 6 mchana (12:00). Kuwawekea gari tunapokea sh 4,500 kwa Till, na mkishatuma mtapata jina la dereva na namba ya gari. Bei hii ni hadi Ijumaa jioni."

Bei imegawanywa kwa idadi ya watu, kwa sababu aliye peke yake na walio sita hawaoni gharama moja. Ada ya lango imetengwa, kwa kuwa raia, mkazi na mgeni wa kutoka nje hawalipi sawa, wala mtoto na mtu mzima. Ukiichanganya na bei yako, ada ikibadilika hasara ni yako.

Hizo saa mbili zilizoandikwa pamoja zisiachwe kamwe. Ukimwandikia mgeni wa nje "saa 12", dereva wako ataelewa alfajiri na mgeni ataelewa adhuhuri. Kwa mgeni andika 06:00, kwa dereva sema saa kumi na mbili asubuhi.

Kuhusu ndovu yatima, kituo cha Sheldrick kinachowalea hupokea wageni kwa saa moja tu, saa 5 hadi saa 6 mchana, na nafasi huwekwa mapema. Usiuze safari hiyo kabla nafasi haijathibitishwa. Kumbuka pia kwamba huingiwa kwa upande wa Barabara ya Magadi, si lango kuu la Barabara ya Lang'ata, kwa hiyo toka mbugani mapema.

Ukimaliza hayo ndipo urudi kwenye tangazo, na utenganishe wateja. Wakazi wa Nairobi huamua mambo ya wikendi katikati ya wiki, kwa hiyo waonyeshe tangazo kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Anayetoka Ulaya hupanga miezi kabla. Tangazo la "Jumapili hii" likionekana Ujerumani, umelipia watu wasioweza kuja.

Mhariri, nina gesti ya vyumba 5 South C, iliyoko kwenye mitandao miwili ya kuuza vyumba. Nimeunganisha kalenda kama nilivyoelekezwa, lakini mara mbili mwezi huu wageni wawili wamefika kwa chumba kimoja. Tatizo ni nini?
*Mama gesti, South C*

Pole, mama. Kuunganisha kalenda kwa kiungo cha iCal si kuunganisha papo kwa papo. Kila mtandao huenda kuisoma kalenda ya mwenzake kila baada ya saa chache. Chumba kikiuzwa huku saa 2 usiku, kule kinaweza kuendelea kuonekana kitupu hadi usiku wa manane, na mtu akakinunua. Kiungo hicho pia hubeba tarehe tu. Hakibebi bei wala idadi ya vyumba. Kama umeandika "chumba cha kawaida, vipo 3" na kuunganisha kiungo kimoja, mtandao wa pili hauwezi kujua kama kimeuzwa kimoja au vyote vitatu.

Anza kwa kukipa kila chumba jina lake na kiungo chake. Kisha hakikisha viungo vinakwenda pande zote mbili: cha mtandao wa kwanza kimebandikwa kwenye wa pili, na cha wa pili kwenye wa kwanza. Wengi hubandika upande mmoja wakadhani kazi imeisha. Ujaribu: funga tarehe moja ya miezi sita ijayo upande huu, subiri hadi kesho, uangalie upande ule. Rudia kinyume chake, chumba baada ya chumba.

Halafu zuia kuuza chumba cha leo kwa leo mtandaoni. Kwenye mipangilio weka notisi ya siku moja kabla ya mgeni kuingia. Zile saa chache za kuchelewa ndizo hukuumiza usiku huo huo, na chumba kilichobaki jioni unaweza kukiuza mwenyewe kwa simu.

Kwa vyumba 5, kuna njia nyepesi zaidi tunayoipendekeza bila kusita: vigawe. Viwili viuzwe mtandao wa kwanza pekee, viwili wa pili pekee, kimoja kibaki cha wanaopiga simu na wateja wako wa zamani. Utakosa wageni wachache msimu ukiwa mzito, lakini hakuna chumba kitakachouzwa mara mbili kwa sababu ya mitambo. Ukifika mitandao mitatu, lipia programu ya kusimamia mitandao yote kwa pamoja, ile inayofunga tarehe kila mahali mara tu chumba kinapouzwa.

Chunguza pia simu. Shangazi anapiga, "niwekee Jumamosi," unamwambia sawa ukiwa sokoni, na kalenda hujaigusa. Sheria iwe moja kwa kila anayeshika simu ya gesti: funga tarehe kwanza, ndipo useme ndiyo.

Wakishafika wawili, usikimbilie kufuta nafasi kwenye mtandao, kwa sababu kufuta kwako hukushusha kwenye orodha na kunaweza kukuletea gharama. Mpigie gesti jirani ya hadhi hiyo au zaidi, lipa tofauti ya bei na teksi, kisha uandikie mtandao ulichofanya. Hamisha anayelala usiku mmoja, umwache wa siku nyingi.

Mtandao hunikata asilimia 15. Nikiongeza asilimia 15 juu ya bei yangu ya sh 6,000, si tumemalizana?
*Msomaji, Kasarani*

Hapana. 6,000 na asilimia 15 juu yake ni 6,900. Mtandao ukikata asilimia 15 ya 6,900 unachukua 1,035, nawe unabaki na 5,865. Gawanya bei unayoitaka kwa 0.85: 6,000 ÷ 0.85 ni kama 7,060. Ikiwa pia umekubali punguzo la asilimia 10 kwa wateja wa mara kwa mara wa mtandao huo, gawanya kwa 0.85, kisha kwa 0.9, upate kama 7,845. Wengi huingia kwenye punguzo hilo bila kupiga hesabu hii, kisha wanashangaa chumba kinajaa na pesa hazionekani.

Usimwombe mgeni afute nafasi ya mtandaoni aje moja kwa moja kabla hajafika. Mitandao hukataza, na wakisoma ujumbe huo wanaweza kukufungia. Mpe kadi yenye namba yako ya WhatsApp asubuhi anapoondoka. Mara ya pili ni wako.

Wageni wa nje wanaweka nafasi, kisha wiki ya kufika wanafuta. Kwa nini?
*Mwenye nyumba ya wageni, Lang'ata*

Tangu Januari 2024 wageni wengi wanaoingia Kenya huomba idhini ya kusafiri ya eTA, na ombi hilo huhitaji uthibitisho wa malazi. Baadhi huchukua nafasi isiyo na malipo ili wapate karatasi hiyo tu. Toa bei mbili. Ya kwanza iwe nafuu kwa asilimia 10, inalipwa papo hapo na hairudishwi. Ya pili ni bei kamili, inayoweza kufutwa bure hadi siku 7 kabla. Kuanzia Julai hadi Oktoba, msimu wa nyumbu Maasai Mara, ifanye siku 14. Siku 10 kabla ya kuwasili mwandikie umuulize namba ya ndege na saa ya kutua. Asiyejibu mara mbili, mpigie.

Kundi la watu 8 limeandika likitaka siku 14. Wanataka nikate kadi yao pesa zaidi, kisha ile ziada nimtumie "wakala wa usafiri" wao kwa M-Pesa. Nifanye?
*Msomaji, Ngara*

Usifanye. Kadi huenda ni ya wizi. Mwenye kadi akigundua analalamika benki, na dirisha la kulalamika mara nyingi hufika siku 120. Benki inakurudishia deni lote, na ile ya M-Pesa imeshakwenda. Pesa za ziada zirudi kwenye kadi ile ile, si kwingine. Usipokee namba za kadi kwa WhatsApp. Tuma kiungo cha malipo kinachomtaka mwenye kadi athibitishe kwa benki yake.

Tahadhari hiyo iwe pia kwa M-Pesa ya hapa nyumbani. Ujumbe ambao mteja anakuonyesha kwenye simu yake, au aliokutumia kwa picha, si malipo. Fungua taarifa ya Till yako, tafuta msimbo ule wa herufi na tarakimu, jumla yake 10, ndipo utoe ufunguo.

Google inawapeleka wageni wangu nyuma ya ukuta wa jirani, na video ya kuthibitisha biashara imekataliwa mara mbili.
*Mwenye nyumba ya wageni, Karen*

Alama ya ramani iweke langoni, si katikati ya kiwanja. Mitaa mingi ya kwetu haina namba za nyumba, kwa hiyo ongeza Plus Code, msimbo mfupi wa ramani ya Google unaoonyesha mahali hasa, kwenye ujumbe unaomtumia mgeni.

Video irekodiwe mfululizo bila kukatwa. Anzia barabarani penye kibao cha mtaa au duka linalojulikana, tembea hadi kibao chako, fungua lango kwa ufunguo wako mwenyewe, uingie hadi mapokezi. Inaweza kukataliwa kama jina la kibao halilingani na jina uliloandika Google. Kama ulibandika maneno ya kujisifu kama "bora na nafuu Nairobi", yatoe. Tafuta pia kama kuna ukurasa wa pili wa nyumba yako ulioanzishwa na mgeni fulani zamani. Uombe uunganishwe na wako kabla ya kurekodi tena.