Baba mdogo aliniahidi shamba, sasa anataka kuliuza

*Shangazi, shikamoo. Baba mdogo alinichukua nikiwa na miaka 18 nimsaidie shambani. Kila nilipouliza mshahara alinijibu, "Unadai mshahara kwenye shamba lako mwenyewe?" Nikaacha nafasi ya chuo. Miaka 14 nimelima, nimejenga nyumba ya matofali humo huku akiniona. Sasa tumekosana na anataka kuuza. Hatukuandikiana chochote. Ndugu wanasema sina changu. Niondoke tu?*

Marahaba, mwanangu. Usiondoke. Hata begi usifunge kabla hujaonana na wakili.

Ndugu zako wameshika nusu ya ukweli. Ardhi huhamishwa kwa maandishi, na ahadi ya mdomo peke yake haikupi hata hatua moja. Lakini mahakama zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza zina kanuni iitwayo estopeli ya mali: mwenye ardhi akikuaminisha kwamba itakuwa yako, ukawa na sababu ya kumwamini, na kwa imani hiyo ukajiumiza, anaweza kuzuiwa asigeuke. Hapo jaji haulizi karatasi iko wapi. Anauliza ulipoteza nini.

Kuna Mwingereza, David Thorner, aliyemfanyia kazi binamu wa baba yake shambani karibu miaka 30 bila mshahara. Mzee yule alikuwa mtu wa maneno machache, ahadi yake ilikuwa ya kuashiria tu. Alifariki mwaka 2005 bila wosia, na mwaka 2009 mahakama ya juu kabisa ikampa David shamba. Wewe uliambiwa waziwazi, tena mara nyingi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kinachonichoma ni ile nyumba. Alikuona ukipanga matofali akanyamaza! Tangu kesi ya mwaka 1862 ya baba na mwanawe aliyejenga kwenye ardhi aliyopewa bila hati halali, majaji hawajalichukulia kirahisi jambo hilo. Basi tafuta risiti, picha, fundi aliyejenga, majirani waliomsikia akisema shamba ni lako, na barua ya chuo kama bado ipo.

Ila sitakudanganya kwamba utapata shamba zima. Kuishi bure na kula mazao vitahesabiwa dhidi yako. Andrew Guest, aliyefanya kazi zaidi ya miaka 30 kwenye shamba la wazazi wake kabla hawajakosana, alishinda, lakini mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema stahili yake ipunguzwe akilipwa mapema, kwa kuwa wazazi walikuwa bado hai na yeye aliahidiwa urithi. Baba yako mdogo naye yu hai. Huenda ukapata fedha, au kipande chenye nyumba.

Kinachonitia hofu ni mnunuzi. Wakili aombe zuio wiki hii, maana shamba likishaandikishwa kwa jina la mtu mwingine kazi huwa nzito mara mbili.

Zuio likishawekwa, mwendee baba mdogo pamoja na mzee mnayemheshimu nyote wawili. Usiende kama mwizi aliyefumaniwa. Mkumbushe maneno yake kwa upole, kama alivyoyasema. Mkielewana, yaandikwe siku hiyohiyo, na mashahidi watie saini.