Nani Aliliua Disko? Lijibu Swali Hilo kwa Santuri Tatu

Nimepata ujumbe kutoka kwa kijana anayepiga muziki kwenye sherehe. Amepewa saa mbili za usiku wa disko la zamani, na anaomba ushauri: "Kaka, nataka niwaambie watu kwenye maiki kwamba hip hop ndiyo iliyoliua disko. Niko sahihi?"

Hauko sahihi, mdogo wangu. Na mzee atakayekubishia kwamba aliyeliua ni roki, naye hayuko sahihi. Ubishi huu ni ndugu wa ule wa vijiweni kwetu kuhusu bongo fleva na muziki wa dansi. Watu wanaona aina moja imeshuka, nyingine imepanda, wanafunga kesi palepale. Hawaulizi nani alikuwa analipia studio, nani alichagua nyimbo za redioni, nani alikuwa anaingia ukumbini. Kwa kuwa wewe ni dijei, una njia bora kuliko maneno: unaweza kuwapigia watu ushahidi wakausikia. Nitakueleza jinsi ya kuupanga, na mahali utakapokwama.

Kwanza tarehe

Kabla hujagusa santuri, panga tarehe. Mabishano mengi ya muziki yanaishia hapo.

Hip hop iliingia kwenye chati kuu ya Marekani kwa "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang, iliyotoka Septemba 1979. Humo ilifika nafasi ya 36 tu, na hiyo ni mapema 1980. Wakati huo disko lilikuwa limeshaanza kupigwa vita redioni. Muziki uliofika nafasi ya 36 hauwezi kuwa umemuua mfalme wa chati miezi kadhaa kabla.

Roki je? Wanaoishtaki wana tarehe yao wanayoipenda: 12 Julai 1979, uwanja wa Comiskey Park, Chicago. Mtangazaji Steve Dahl wa redio ya WLUP aliwaita mashabiki waje na santuri za disko, kila mwenye santuri aingie kwa senti 98. Wakaja kama watu 50,000. Katikati ya mechi mbili za besiboli za White Sox na Detroit Tigers, sanduku la santuri likalipuliwa uwanjani. Mashabiki wakavamia nyasi, polisi wakakamata watu 39, na mechi ya pili ikabidi Detroit wapewe ushindi wa mezani.

Hadithi hiyo ina utamu, ndiyo maana watu wanaishia hapo. Wewe endelea mbele na kalenda. "Good Times" ya Chic, bendi ya disko, ilishika namba moja tarehe 18 Agosti, wiki tano baada ya mlipuko. Wiki iliyofuata ikaondolewa na "My Sharona" ya The Knack, roki tupu, iliyokaa wiki sita. Hapo wenye kesi ya roki wanashangilia. Lakini Oktoba 1979 namba moja ni Michael Jackson na "Don't Stop 'Til You Get Enough". Novemba ni Donna Summer na Barbra Streisand kwa wimbo wa disko waziwazi. Mwaka 1980 "Funkytown" ya Lipps Inc. inakaa juu wiki nne, na "Upside Down" ya Diana Ross, iliyotengenezwa na Nile Rodgers na Bernard Edwards wa Chic, nayo wiki nne. Februari 1981 ni "Celebration" ya Kool & the Gang. Maiti gani hiyo inayoshika namba moja mwaka baada ya mwaka?

Sasa zingatia hili, maana ndilo la kuwaonyesha watu ukumbini: wimbo ulioiondoa "Upside Down" kileleni Oktoba 1980 ni "Another One Bites the Dust" ya Queen. Bendi ya roki, lakini ukisikiliza besi utajua imetoka jikoni kwa nani.

Santuri tatu, besi moja

Tafuta nyimbo tatu: "Good Times", "Rapper's Delight" na "Another One Bites the Dust". Disko, hip hop, roki. Zote ziko kwenye ufunguo wa E maina, na zote zinatembea kati ya mapigo 110 na 112 kwa dakika. Kwa dijei hiyo ni zawadi.

Hakikisha "Good Times" ni toleo refu la dakika zaidi ya nane. Toleo fupi la redioni halina nafasi ya kufanyia kazi. Katikati ya lile refu ala zinapukutika moja moja mpaka inabaki besi ya Edwards na ngoma ya Tony Thompson, kisha violini na kinanda vinarudi polepole. Hapo ndipo pa kuingilia. Kwa "Rapper's Delight" chukua ile inayozidi dakika 14.

Pima kasi mwenyewe. Hesabu mapigo ya ngoma ya mguu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Usihesabu kwa sekunde 15 ukazidisha mara nne, kwa sababu kosa la pigo moja linakuwa kosa la mapigo manne. Kisha tafuta asilimia: kasi unayoitaka, toa kasi uliyonayo, gawanya kwa uliyonayo, zidisha mara mia. Kutoka 110 kwenda 111 ni chini ya asilimia moja, hakuna sikio litakalogundua. Kutoka 111 kwenda 117 ni asilimia 5.4, na hapo kuna mtego. Ukisogeza santuri kwa takriban asilimia 6, sauti nzima inapanda nusu toni: E maina inakuwa F maina, na mwimbaji anasikika kama amebanwa pua. Mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2 inakuruhusu kwenda asilimia 8 juu au chini, lakini ruhusa hiyo usiitumie yote. Kwa nyimbo zenye sauti ya mtu, usizidi 3. Ukitumia programu yenye kufunga ufunguo, noti itabaki, ila violini huanza kutetemeka ukivuka 5.

Kuunganisha, fanya hivi. Piga "Good Times" mpaka ifike kwenye besi na ngoma. Hesabu mizunguko ya mapigo manne mpaka minane ikamilike. Ingiza "Rapper's Delight" kwenye pigo la kwanza, besi yake ikiwa imezimwa kabisa kwenye miksa, sauti za kati nusu. Iache itembee mizunguko minane chini ya nyingine. Mwanzo wa mzunguko wa tisa, badilisha besi kwa mkono mmoja: ya kwanza zima, ya pili washa, kwa pigo moja. Ukiziacha besi mbili pamoja hata kwa sekunde chache, spika zitavuma na watu watasikia tope. Wanamuziki wa "Rapper's Delight" waliipiga besi hiyo upya studioni, kwa hiyo mguso wake hauko sawasawa na wa Edwards, na mahali zinapotofautiana ndipo zinapogongana.

Kwenda kwa Queen ni rahisi zaidi ukijua cha kusikiliza. Besi ya Edwards inagonga E mara tatu, moja-mbili-tatu, kisha inatembea. Ya John Deacon wa Queen inagonga E mara tatu pia, kisha inatembea kwa njia yake. Linganisha yale mapigo matatu na umemaliza. Ukumbi wote utasikia nyimbo tatu za watu watatu wanaodaiwa kuwa maadui zikishikana mikono. Ukishika maiki hapo, sema sentensi moja, usizidi sekunde kumi, urudi kwenye muziki.

Basi nini kilishuka?

Kilichoanguka ni biashara iliyobandikwa jina la disko, na ilianguka kwa mikono mingi.

Anza na redio. Julai 1978 WKTU ya New York iligeuka kuwa kituo cha disko, na ndani ya miezi michache ikawaangusha vigogo kama WABC. Vituo vingine vikaiga. WDAI ya Chicago ikaacha roki mwishoni mwa 1978, na mmoja wa waliopoteza kazi kwa ajili hiyo ni Steve Dahl yuleyule. Kwa hiyo nyuma ya ule mlipuko kuna ajira, kuna wasikilizaji walionyang'anywa kituo chao.

Halafu kampuni za santuri. Filamu ya Saturday Night Fever ilitoka Desemba 1977, na albamu yake ikakaa namba moja wiki 24. Baada ya hapo kila mwenye studio akataka chake. Rolling Stones walitoa "Miss You" mwaka 1978, Rod Stewart akafuata, Blondie wakafuata, hata Kiss. Ethel Merman, mwimbaji wa maigizo ya jukwaani aliyezaliwa 1908, alitengenezewa albamu ya disko mwaka 1979. Wanaosema roki ililipiga vita disko wanasahau kwamba nyota wa roki walikuwa mezani, wanakula. Maduka yakajaa santuri za haraka haraka, na santuri zisizouzika zikarudishwa kwa kampuni. Mwaka huo mauzo ya santuri Marekani yalishuka kwa ujumla, kampuni zikatafuta cha kukata, na idara za disko zikawa za kwanza.

Gharama nayo. Disko la Philadelphia, lile la studio ya Sigma Sound lenye ngoma za Earl Young, lilihitaji wapiga violini, matarumbeta, waitikiaji, wote wakilipwa kwa saa. Mwaka 1980 zikatoka mashine za ngoma za Linn LM-1 na Roland TR-808, na mtu mmoja na mashine akaweza kufanya kazi ya ukumbi mzima. Muziki wa kucheza ukaendelea, violini zikaondoka. Sikio lisilofunzwa likadhani disko limekufa.

Na kuna lile ambalo wengi hawapendi kulisema kwenye maiki. Disko lilikuzwa na Wamarekani weusi, Walatino na wapenzi wa jinsia moja, katika kumbi kama The Loft ya David Mancuso na baadaye Paradise Garage ya Larry Levan. Vince Lawrence, kijana mweusi aliyekuwa mhudumu uwanjani Comiskey usiku ule, amesimulia kwamba aliona watu wakileta santuri za wasanii weusi ambazo hata si za disko. Ukiwaambia watu "roki iliua disko", unalificha jambo hilo, na unawasingizia pia wapiga gitaa ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Chuki ilikuwa ya watu. Usiipe jina la aina ya muziki.

Baada ya 1981 UKIMWI ukaingia kwenye kumbi zilezile na kuondoka na wachezaji, madijei na waimbaji, Sylvester akiwa mmojawao, mwaka 1988. Hiyo nayo iingie kwenye hesabu.

Mahali utakapokwama

Usiamini kitufe cha kulinganisha kasi. Wapiga ngoma wa miaka ya 70 hawakuwa wakipiga na mashine masikioni. Wakifika kwenye kiitikio, damu inachemka, kasi inapanda kidogo. Wakirudi kwenye ubeti inashuka. Programu inapima mwanzo wa wimbo, inadhani kasi ni hiyo mpaka mwisho, na dakika ya tatu ngoma mbili zinakimbizana kama farasi. Dawa ni tatu. Ya kwanza: weka alama za kasi kwa mkono kila mizunguko minane, nyumbani, kabla ya siku. Ya pili: funga mzunguko wa mapigo 16 kwenye utangulizi na uchanganye hapo, kwa sababu kipande kifupi hakina muda wa kuyumba. Ya tatu, ninayoiamini kuliko zote, ni mkono kwenye santuri na sikio kwenye matoazi ya mguu. Kwenye disko matoazi yanafunguka katikati ya mapigo, "tsi", na kosa linasikika hapo mapema kabla ngoma kubwa hazijaachana.

Matoleo nayo uyaangalie. Santuri ya inchi 12 ilianza kuuzwa madukani mwaka 1976, na "Ten Percent" ya Double Exposure chini ya lebo ya Salsoul, ikichanganywa upya na Walter Gibbons. Mifereji yake ni mipana, besi inakaa. Ile ya inchi 7 ina besi nyembamba na haina utangulizi wa ngoma. Faili ulilotoa kwenye simu ya mtu linaweza kuwa limebanwa mpaka matoazi yamekuwa upepo, na kwenye spika kubwa utaaibika.

Mwanzoni mwa zamu yako weka "Soul Makossa" ya Manu Dibango wa Kameruni, ya 1972. Mancuso aliipiga The Loft kabla redio za Marekani hazijaijua, na 1973 ikaingia kwenye chati yao. Watu wetu wanastahili kusikia kwamba mkono wa Afrika ulikuwepo tangu jiko linawashwa.

Nusu saa ya mwisho iwe ya Chicago. Mwaka 1984 Vince Lawrence yuleyule, akiwa na Jesse Saunders, alitoa "On and On", miongoni mwa santuri za kwanza za house, muziki wa kucheza wa mashine uliozaliwa na disko, katika mji uleule uliolipua sanduku. Dijei Frankie Knuckles alikuwa ameshawalea wachezaji wa mji huo kwa disko pale ukumbi wa Warehouse tangu 1977. Ukitoka kwenye disko la mpiga ngoma kwenda "On and On", ujue kwamba ngoma ya mashine haiyumbi. Kwa hiyo iweke house kwenye kasi yake, usiiguse tena, na mkono wako wote uwe kwenye santuri ya disko. Ikikimbia, izuie kwa ncha ya kidole pembeni mwa sahani. Ikichelewa, isukume kidogo kwenye lebo ya katikati, mpaka ngoma mbili zisikike moja. Kisha badilisha besi.