Re: Dhamana ya leseni ya ukandarasi California, ni lazima niweke dola 25,000?

Mkuu, hapana. Hiyo 25,000 (ilikuwa 15,000 hadi mwisho wa 2022) ni kiwango cha dhamana, siyo pesa unayotoa mfukoni. Unachomlipa mdhamini (kampuni inayokutolea dhamana) ni ada ya mwaka, asilimia ndogo tu ya kiwango hicho. Historia yako ya mikopo ikiwa nzuri, ni dola mia kadhaa. Ikiwa mbovu, inapanda sana. Kwa hiyo omba bei kwa mawakala watatu au wanne.

Ila usiichukulie kama bima. Mteja akidai na mdhamini akalipa, atakugeukia wewe umrudishie yote. Ndiyo maana unasaini mkataba wa kumfidia, na mara nyingi unasaini kwa jina lako binafsi hata kama una kampuni. Usome kabla ya kusaini.

Panapokwamisha watu wengi ni jina. Jina la biashara kwenye dhamana lifanane kabisa na lililo kwenye faili lako la CSLB (bodi ya leseni za wakandarasi ya California), hata "Inc." ikikosekana, inarudishwa. Tena dhamana iifikie bodi ndani ya siku 90 tangu tarehe inapoanza kutumika.

Kama mtu ambaye sifa zake ndizo zinazoipa kampuni leseni ni mwajiriwa, au ana hisa chini ya asilimia 10, inahitajika dhamana ya pili ya 25,000. LLC (kampuni yenye dhima ndogo) nayo huongezewa dhamana ya wafanyakazi, 100,000. Wengi hushtukia hapo.

Ukiacha kulipa ada, mdhamini anaifuta dhamana na leseni inasimamishwa.