Kwa mwanangu aliye Kinshasa: Landu na mimi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza: "Mama, hujawahi kuwa padri, hujakaa msituni na waasi, umezaa na umefundisha Kifaransa maisha yako yote. Inakuwaje unasema Pierre Landu ni wewe?" Kisha chini, kama mtu anayeona haya, umeongeza kwamba nawe umejiona ndani yake tangu watu wa Kinshasa waanze kukuita Mswahili kila ukifungua kinywa, na unaogopa huo ni utoto.

Si utoto. Ila nimweleze kwanza Landu mwenyewe, maana najua barua hii utamsomea mdogo wako, na yeye kitabu hajakigusa. Landu ni padri wa kubuniwa katika Entre les eaux, riwaya ya mwandishi Mudimbe ya mwaka 1973. Mudimbe alikuwa mtoto wa huku kwetu: alizaliwa Likasi mwaka 1941, ikiitwa bado Jadotville, akaja kufundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi, halafu akaenda Marekani. Padri wake amesoma Roma. Akirudi anaona Kanisa limekaa upande wa wenye nguvu, anawafuata waasi wa Kimarx. Huko nako hawamwamini. Anamwandikia askofu wake barua, inakamatwa, anahukumiwa kuwa msaliti. Anaponea chupuchupu, anaoa, anamwacha mke, anaishia monasterini.

Sasa mimi. Nilizaliwa mwaka 1962, mji huu wa Lubumbashi ukiitwa bado Elisabethville na Katanga, jimbo letu, ikijiita nchi, nchi ambayo hakuna taifa lililoitambua rasmi. Shule ya msingi niliianza Kongo nikaimaliza Zaire, bila kuhama mtaa, maana nchi ilibadilishwa jina. Mwaka 1972 majina ya Kizungu yakapigwa marufuku, la ubatizo likaondoka, nikachukua la nyanya. (Mudimbe naye alikuwa Valentin-Yves, akawa Vumbi Yoka, herufi zake mbili hakuziachia. Huwa nacheka nikikumbuka ujanja ule.) Hayo hayakuniuma. Darasa zima tulibadilishwa siku moja, ikawa mchezo.

Kilichoniuma kilikuja mwaka 1992. Babu yako Muluba wa Kasai, bibi yako Mulamba. Kwa Walamba mtoto anafuata ukoo wa mama. Kwa Waluba wa Kasai anafuata wa baba. Basi tangu utoto pande zote mbili zilinidai: matanga huku, mahari kule, na michango kote. Wakasai walipoanza kufukuzwa Katanga, na familia nzima Likasi na Kolwezi zikilala stesheni zikingoja treni, madai yale yakageuka. Jirani aliyenijua tangu ndoa yangu akanijia mlangoni: "Weye uko muntu wa wapi?" Wazazi wangu wakapanda treni kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai. Nilipowafuata kuwasalimu baadaye, kule nikawa Mkatanga, na watoto wakaicheka Tshiluba yangu, lugha ya kule.

Landu nilikuwa nimeshamfundisha darasani, kwa maswali ya mtihani tu. Mwaka ule nikamsoma upya na nikakwama pale penye barua. Yeye anamwandikia askofu kama mtu anayezungumza na baba yake. Wenzake wanaisoma kama ushahidi. Kila anachosema kinapimwa kwanza: kinamsaidia nani? Hapo ndipo nilipomtambua, mwanangu, kanzu na bunduki vikiwa mbali nami kabisa. Ni ule uchovu wa kutakiwa kila asubuhi utoe ushahidi dhidi ya nusu yako.

Tena kuna jambo ambalo hujaliuliza. Baba yako ni Mkatanga, na ndugu zake wengine walishangilia kwenye mikutano ya kuwafukuza Wakasai. Ningeyasema wapi yaliyonijaa? Kwa shangazi zako? Kwa baba yako, aliyekuwa hali chakula wala halali usingizi, akinilinda mimi na nyinyi wawili? Nilimwambia Landu. Mtu wa kubuniwa hana ukoo utakaoitisha kikao juu ya ulilomwambia.

Lakini mbali zaidi sikumfuata. Landu anataka awe kitu kimoja, safi, kisicho na doa, na kwa ajili hiyo anahama: parokia, msitu, ndoa, monasteri. Kila mahali anapoondoka kuna mtu anayelipa. Kaayowa, mkewe, nimemlilia kuliko mumewe. Wanafunzi wangu wavulana walikuwa wanampita mbio ili wafike mwisho, nami nilikuwa nawarudisha. Mimi nilibaki na pande zangu mbili, na mahari ya binamu zako wa kule nimeyachangia hadi mwaka jana, ingawa wananiita Mkatanga wao.

Kwa hiyo jione katika Landu bila haya, hasa katika ile barua. Lingala nayo, lugha ya huko Kinshasa, jifunze, na uiseme vibaya mpaka uiseme vizuri. Kiswahili chako hakitahama kwa sababu hiyo. Atakayekuita Mswahili muitikie, ndivyo ulivyo, kisha mwambie bei ya samaki wake imezidi.

Sasa zamu yangu kuuliza. Rudi kwenye kurasa za Kaayowa, uzisome polepole, uniambie: kama yeye ndiye angesimulia, Landu angetokaje? Mimi na baba yako tumebishana juu ya hilo tangu Pasaka, na yeye anamtetea padri.

Mama yako
Lubumbashi