Ng'ombe kafa ghafla na damu puani: msimchune jamani

Pole sana ndugu uliyeandika kwamba ng'ombe wako kafa ghafla, ni hasara kubwa. Ila hapo ulipoandika jioni alikuwa mzima, asubuhi umemkuta kafa, damu nyeusi inatoka puani na nyuma na wala haigandi, tumbo limeshavimba na mwili haujakakamaa, hizo ni dalili za kimeta kabisa (anthrax, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza hata watu), na hao majirani wanaotaka mgawane nyama wakatalie hata wakinuna. Usimpasue, maana vijidudu vyake vikipata hewa vinajijengea ganda na vinakaa kwenye udongo miaka na miaka.

Mpigie afisa mifugo wa kata sasa hivi, ukimkosa nenda kwa mtendaji wa kijiji, mwambie kafa lini, wamebaki wangapi, kuna mwingine ana homa au la. Afisa mifugo ndo atachukua sampuli na kusimamia kuzika, shimo la kama mita 2 na chokaa. Mzoga funika, mbwa fungeni. Waliobaki wasiende mnadani kabisa.

Na kama ulimshika mikono mitupu jiangalie ngozi, ukiona kipele hakiumi halafu katikati kinakuwa cheusi wahi hospitali, dawa zipo na zinaponya.